Nusu Kikombe

Kibanda changu cha chai kiko juu ya gati linaloelea, kwa hiyo mwanzoni nilikuwa namimina nusu kikombe tu. Ukijaza, wimbi linakunywa kabla ya mteja.

Kisha kikaletwa kivunja mawimbi: makasha ya zege, matupu ndani, yameunganishwa mstari mmoja mlangoni mwa ghuba na kufungwa kwa minyororo hadi chini baharini. Fundi wa minyororo hiyo ndiye akaja kuwa baba wa mwanangu.

"Zege linaeleaje?" nilimuuliza.

"Kama sufuria yako tupu kwenye beseni, dada. Wimbi likiligonga, sehemu inarudi ilikotoka, sehemu inavunjika palepale. Linalokufikia wewe limeshachoka. Hebu jaza kikombe."

Nikajaza. Hakikumwagika. Nadhani nilimpenda hapohapo.

"Kwa hiyo yote yanazuilika?"

"Yale marefu, hapana. Yanapita chini kwa chini."

Binti yetu alipoanza kutaja rangi, tukasikia bandari nyingine imekikodi kivunja mawimbi. Nikamuuliza mume wangu kama ataondoka nacho.

"Niende wapi? Nitafungua minyororo tu, wengine watakivuta. Kazi ya hapa gatini nimeshaomba."

Nikamfulia ovaroli ya kazi mpya, nikaipiga pasi mpaka kwenye mikono.

Asubuhi boti ilipoanza kukikokota, binti yangu akapiga makofi. "Mama, baba kapanda!"

Alikuwa amesimama juu ya kasha la mwisho, begi begani. Alimpungia mtoto. Mimi hakunitazama. Ovaroli ilibaki kwenye kamba.

Mchana gati likaanza kucheza, glasi zikagongana. Nikarudia kumimina nusu.

"Shemeji!" nahodha wa boti ya abiria akanitania. "Nusu nyingine kaondoka nayo fundi?"

Wenzake wakacheka. Nami nilitaka kucheka, nikashindwa, nikageukia jiko.

"Samahani, shemeji," nahodha akasema kwa sauti ya chini.

Binti yangu akanivuta kanga. "Mimi nataka kilichojaa. Kama cha baba."

Nikamjazia maziwa hadi juu. Gati likainuka. Nikapiga magoti, nikaizungusha mikono yangu juu ya mikono yake, tukashikilia kikombe mpaka wimbi likapita. Yalimwagika kidogo, yakatulowesha vidole.

"Kunywa, mama," nikamwambia. "Yamebaki mengi."