Hapana ya Tatu

Halvor ni mji mdogo kiasi kwamba ukipiga chafya ndani ya gari, umeshaupita. Uko mwendo wa saa tatu magharibi ya Minneapolis, katikati ya mashamba ya mahindi yasiyo na kilima hata cha kuazima. Tumsifu hakuwahi kufika, lakini aliujua kuliko mitaa ya Brooklyn Park anakoishi. Kila asubuhi, katika nyumba ya wazee kule Anoka, alipokuwa akimvisha soksi Bibi Ardis, ajuza wa miaka tisini na moja, alisimuliwa Halvor.

Alisimuliwa jinsi treni ilivyoacha kusimama. Kisha shule ikafungwa, watoto wakabebwa na basi kwenda mji wa jirani. Likafuata duka, ikafuata posta. Vilibaki ghala refu la nafaka na kanisa la Kilutheri. Hapo kila Jumapili, baada ya ibada, watu walishuka chumba cha chini kunywa kahawa nyepesi mpaka unaona kitako cha kikombe. Kila mama alileta chakula chake, jina limebandikwa chini ya bakuli lisije likapotea.

"Kama kwetu Machame," Tumsifu alisema. "Ila kwetu bakuli linapotea hata likiwa na jina."

Bibi akacheka mpaka soksi ikamvuka.

Kisha ikaja barua: kanisa nalo linafungwa. Waumini wamebaki kumi na mmoja, paa linavuja, ibada ya mwisho ni Jumapili. Bibi Ardis alibatizwa mle, akaolewa mle, akamuaga mumewe mle. Mtoto wa kumpeleka hakuwa naye.

"Jumapili sina zamu, na gari ninalo," Tumsifu alisema. "Nikupitie saa kumi na mbili asubuhi?"

"Hapana, mwanangu, usijisumbue. Ni mbali."

Sasa, Tumsifu alikuwa ameshafundwa na Marekani. Mwaka wake wa kwanza kazini alimbembeleza mzee mmoja amalizie uji, akapewa barua ya onyo. Tangu hapo alishika somo: uliza mara moja, heshimu jibu, andika. Akaandika kwenye daftari la zamu kwamba Bibi amekataa. Jumapili akalala hadi saa nne, akaamkia ndizi nyama kwa rafiki yake.

Jumatatu alfajiri alimkuta Jeptoo, Mkenya anayeshika zamu ya wikendi nzima, akivaa koti aondoke.

"Wee Mtanzania, shosho wako Ardis ulimfanyia nini? Jana amekaa hapo mlangoni na kofia na kibegi, tangu saa kumi na mbili. Nikimwambia arudi ndani, ati Tum anakuja. Mpaka saa nane mchana, bro!"

"Lakini alikataa!"

"Ulimuuliza mara ngapi?"

"Moja."

"Moja! Na wewe unasema umelelewa na mama?"

Tumsifu alimkuta Bibi kitandani, koti lingali kitini. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomchoma.

"Kwetu Halvor hapana ya kwanza ni adabu, ya pili ni haya," alisema. "Ya tatu ndiyo jibu. Siku nne nilingoja uniulize tena. Nikasema labda utaniuliza mlangoni. Si ulisema ni kama kwenu?"

Na kweli ilikuwa kama kwao. Kwa mama yake, mgeni akisema ameshiba ndipo anapoongezwa.

"Twende leo nikitoka kazini, Bibi. Hata tukauone mlango."

"Hapana, usijisumbue."

"Si usumbufu. Twende."

"Hapana, utakuwa umechoka."

Tumsifu alishalishika koti. "Bibi Ardis, nakuomba. Twende."

Bibi akatazama dirishani. "Hapana," alisema. "Kahawa imeshanywewa."

Tumsifu akalitundika koti kabatini, taratibu, akilipangusa vumbi lisilokuwepo. Alipogeuka, Bibi alikuwa amefungua kibegi na kutoa bakuli lenye jina lake chini. Ndani mlikuwa na biskuti sita, alizojinyima kwenye kifungua kinywa siku zile nne, maana kanisani hakuendwi mikono mitupu.

"Kula."

"Hapana, Bibi, asante."

"Kula, wewe."

"Nimeshiba."

"Kula, Tum."

Akachukua moja. Ilikuwa imekauka kama kigae. Wakazila zote sita, kisha Tumsifu akapiga goti amvishe soksi.