Jaji Aliyelala Ndani ya Mashine

Jaji Leokadia Ngonyani anapitiwa na usingizi saa nne asubuhi, akiwa amelala chali ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, na hata leo ukimuuliza ni dakika gani hasa usingizi ulimchukua hawezi kukuambia. Mashine inagonga kama fundi anayenyoosha bati. Kichwa chake kimebanwa kwa sponji huku na huku, masikioni ana vizibo, na juu ya macho yake kuna kioo kidogo kinachomwonyesha maandishi. Amejitolea mwenyewe. Daktari Sefania Mwaijande wa chuo kikuu anawatafuta watu ambao kazi yao ni kuhukumu wenzao, ameshawapima waamuzi wa mpira na wasahihishaji wa mitihani, sasa amefika kwa majaji. Alimpokea mlangoni kwa heshima, shikamoo Mheshimiwa, marahaba daktari, akamweleza kwamba kisa kifupi kitatokea kwenye kioo, halafu swali moja, je, ni kosa? Ana vitufe viwili mkononi, ndiyo ni kidole cha shahada, hapana ni kidole cha kati. Mashine itaangalia ni sehemu gani ya ubongo inavuta damu zaidi, na hasa kijisehemu kilicho ndani kabisa, kidogo kama lozi, ambacho kwa watu wengi hushtuka mtu mwingine anapoumia. Kwa watu wengi, Leokadia aliuliza, na kwa waliobaki? Kwa waliobaki hakishtuki, Mheshimiwa. Wanaona tu.

Hajalala vizuri kwa siku mbili. Saa nane mchana huu anatakiwa kusoma adhabu ya Kasto Komba, kijana wa kiwanda cha mbao ambaye aliwasha msumeno wakati mwenzake, Edgar Haule, ameingiza mikono yote miwili akitoa vumbi la mbao. Hawakuwa wamegombana. Polisi walipomuuliza kwa nini, Kasto alisema alitaka kuona. Na alipoona, hakuzima. Alimalizia hindi lake la kuchoma, akafuta mikono, kisha akaenda kumwita msimamizi, Edgar ameshakufa. Hukumu iko tayari ndani ya mkoba wa Leokadia, kurasa kumi na mbili, kifungo cha maisha, na katika ukurasa wa mwisho kuna sentensi aliyoipenda sana alipoiandika: mshtakiwa si binadamu kama sisi tuliomo humu.

Kwenye kioo kinatokea kisa cha mwanamke aliyeokota dawa za mtu. Je, ni kosa? Anabonyeza. Kisa kingine, anabonyeza, na kingine, na kioo kinazidi kuwa kikubwa au yeye ndiye anazidi kuwa mdogo, mpaka maandishi yanakuwa barabara, na yeye yuko juu yake, miguu peku. Barabara ni ya kioo. Chini yake kuna mji uliopinduliwa, madirisha na milango na kamba za nguo vikining'inia kuelekea chini, na juu yake mji uleule umesimama sawasawa, na kila anapopiga hatua miji yote miwili inasogea nyuma kidogo, kwa hiyo anatembea na hafiki. Anapogeuka arudi, barabara imegeuka naye. Kando yake anatembea mtu aliyevaa koti la karani wa masjala, jalada kwapani, na uso wake ni laini kama yai lililomenywa. Leokadia hashangai. Ndicho kitu cha kwanza kinachomtia wasiwasi, kwamba hashangai. Anamuuliza, hapa ni wapi? Yule karani asiye na uso anamjibu, ni pale unapopita kila siku bila kushuka. Na hawa wanaoishi humu ni akina nani? Ni wale uliowasoma, Jaji, hukuwatazama. Leokadia anasema hilo si jibu, naye karani anasema, kweli, si jibu, ni anwani.

Watu wanatoka milangoni. Wote nyuso laini, bila pua wala macho, na wote wanainamisha kichwa kwake kwa adabu kama wanavyofanya watu wakiwa kizimbani. Mmoja amebeba mtoto. Mwingine mkono wake unavuja damu, damu inadondokea kwenye barabara ya kioo na kwenye mji wa chini inapanda juu, na Leokadia anaitazama na kuwaza kwamba hiyo ni damu, na hapo wazo linakoma, halina kinachofuata. Anangoja moyo ushtuke. Haushtuki. Anajiambia, huyu mtu anaumia, anajiambia tena kwa sauti, na maneno yanatoka sahihi kabisa, yana sarufi, na ndani yake hakuna kitu, ni kama kusoma namba ya nyumba. Karani, anasema, mimi nina nini? Karani anafungua jalada, anamwonyesha ukurasa mtupu, anafunga.

Barabara inaingia kwenye banda la mbao. Hakuna mlango, barabara inaingia tu. Kuna harufu ya mbao mbichi, kuna msumeno mkubwa wa duara, na kuna kijana aliyeinama akiingiza mikono yote miwili chini ya meno yake, akiimba polepole kitu cha kanisani. Leokadia anamjua kwa picha za ushahidi. Ni Edgar Haule, na yu hai. Yeye mwenyewe amesimama penye swichi. Mkono wake wa kushoto umeshika hindi la kuchoma lililo moto bado, na mkono wa kulia uko juu ya swichi, na vidole ni vyake, pete ni yake. Karani anainama sikioni pake na kumuuliza, je, ni kosa? Ndiyo, anasema Leokadia bila kusita, ni kosa kubwa. Anakitaja kifungu cha sheria. Anataja adhabu yake. Na wakati bado anataja, kidole kinabonyeza.

Anasikia mlio. Anaona. Na hapa ndipo pa kutisha, kwa sababu anauma hindi na hindi ni tamu.

Zima, anajiambia. Anajua swichi iko wapi, imo mkononi. Anajua kuzima ni vizuri na kutozima ni vibaya, analijua hilo kuliko watu wote wa mkoa mzima, amelitolea hukumu mara mia, na kujua kote huko hakuusogezi mkono hata kwa upana wa kucha. Anageuka amtafute karani amsaidie na badala yake anamkuta Kasto Komba amekaa juu ya gogo, na katika mji huo wote ni Kasto peke yake mwenye uso. Ana macho, ana kovu dogo kidevuni ambalo Leokadia hakuwahi kuliona kwa wiki zote sita za kesi. Mheshimiwa, anasema Kasto kwa upole, watu wote wananiuliza kama nilijua. Nilijua. Nilijua kama ninavyojua kwamba Jumanne hufuata Jumatatu. Basi kwa nini hukuzima, anauliza Leokadia. Wewe mbona huzimi?  Kasto anaendelea, watu wakilia mimi naona maji yanatoka machoni, basi. Nilipokuwa mdogo mama alinifundisha kukunja uso ili watu wasiniogope. Wewe alikufundisha nani? Mimi sihitaji kufundishwa, anasema Leokadia. Ah, anasema Kasto. Basi mama yake Edgar alipolia mbele yako, ulihisi nini? Leokadia anatafuta. Anaipekua siku ile, asubuhi yake, saa yake, anamwona mama yule kwenye kizimba cha mashahidi, anaona leso, anaona mdomo ukitetemeka, halafu anajiona mwenyewe akiangalia saa ya ukutani na kuwaza kwamba chai itakuwa imepoa.

Anapiga ukelele. Mikono inamuuma, yote miwili, kuanzia kwenye viganja mpaka kwenye mifupa ya bega, maumivu ambayo si yake na hayana mahali pengine pa kukaa, na taa zinawaka, na Daktari Mwaijande anaivuta meza ya mashine nje akisema, pole Mheshimiwa, pole sana, ulilala, nilikuwa nakuita kwenye spika hujibu. Picha zangu zinaonyesha nini? anauliza Leokadia. Bado sijazichambua. Ile lozi, daktari, imeshtuka au haikushtuka? Daktari anacheka kidogo kwa mashaka. Kwa kweli, anasema, ulipolala sijui ilikuwa inamjibu nani.

Saa nane mchana yuko mahakamani. Watu wamejaa. Kasto amesimama kizimbani na Leokadia anamtazama kidevu, na kovu lipo, na hajui kama aliwahi kuliona kabla ya leo. Anafungua hukumu, anaifunga. Anasema, mama Edgar yuko? Bi Yustina Haule anasimama katikati ya mabenchi, mwembamba, amejifunga kitenge kiunoni. Mheshimiwa, nilishasema yote. Najua, mama. Naomba useme tena kidogo. Wakili wa serikali anamtazama mwenzake wa utetezi. Bi Yustina anafikiri, kisha anasema, Edgar akifika kona ya shule alikuwa anapiga mluzi, ili nijue niweke maji yake ya kuoga jikoni. Sasa kuna kijana mwingine hupita pale anapiga mluzi, na mimi naweka maji. Kila siku naweka. Yanachemka mpaka sufuria inakauka.

Kitu kinampiga Leokadia kifuani kwa nguvu mpaka anashika ukingo wa meza. Machozi yanamtoka mbele ya makarani, mbele ya polisi, yeye ambaye kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyemwona hata akipiga miayo. Anainua macho na kumwona Kasto anamtazama, anamtazama kwa makini sana, na polepole, kama mwanafunzi anayenakili ubaoni, anaukunja uso wake ufanane na wa Jaji. Leokadia anamwogopa. Na anamwonea huruma, vyote kwa pamoja, na hajui huruma hiyo aipeleke wapi. Anachukua kalamu, anaikata ile sentensi ya ukurasa wa mwisho kwa mistari miwili. Kifungo anakiacha palepale, maisha, kwa sababu huyu kijana akitoka ataona tena anachotaka kuona. Anaongeza kwa mkono kwamba atibiwe na madaktari wa akili muda wote wa kifungo chake. Anasoma yote kwa sauti inayokatika.

Karani anatangaza watu wasimame. Watu wote wanasimama. Jaji Ngonyani hasimami. Ameweka viganja juu ya meza, maumivu yamo kifuani bado, mapya, makali, kuliko chochote alichowahi kuhisi akiwa macho ndani ya ukumbi huu, na kwa sababu hiyo hiyo hauamini ukumbi. Mheshimiwa, ananong'ona karani. Mheshimiwa, watu wanasubiri. Leokadia anatikisa kichwa. Anaogopa kwamba akisimama, ataamka ndani ya mashine.