Sabufa Kwenye Kiti cha Verna

Arvid Lindquist hakuwa mtu wa kununua kitu kwa pupa. Majira yote ya baridi alizunguka maduka ya spika mjini Duluth, akisikiliza, akibonyeza, akiuliza, kisha akarudi nyumbani mikono mitupu, mpaka wauzaji wakamchoka. Safari hii hakuwa na ujanja. Binti yake, Solveig, alikuwa amemwekea sharti: chumba cha chini kipate uhai, watu waje kutazama hoki kama zamani, na kile kiti cha marehemu mama kiondoke Jumamosi. La sivyo nyumba iuzwe, mzee ahamie kwake Minneapolis.

Kiti ndicho kilichomtesa. Verna, mkewe, alikaa hapo miaka nenda rudi, akifuma soksi na kuvumisha puani wimbo usio na maneno, hata katikati ya filamu, na Arvid hakuacha kumnung'unikia. Sasa angetoa chochote ausikie tena mvumo ule.

Dukani alipokewa na Denise, mama mnene mwenye sauti ya kukwaruza, aliyemkalisha katikati ya spika na kumwekea filamu ya dhoruba. Arvid alizikataa zile nyembamba za kubandika ukutani. Alisema zina kelele lakini hazina kifua. Akachagua za mbao, pamoja na sabufa moja nzito, spika ya besi, akauliza ataiweka wapi.

"Usije ukaitupa kona yoyote tu, mzee," Denise akasema. "Ipandishe kwenye kiti unachokalia ukitazama filamu, uwashe besi, halafu wewe utambae sakafuni chumba kizima. Utakapoisikia vizuri, hapo ndipo mahali pake."

"Nitambae? Na magoti haya?"

"Wenzako wote wanatambaa, na wake zao wanawacheka."

Arvid alilipa bila kucheka.

Jumamosi mchana Solveig alifika, theluji mabegani, akamsaidia kuteremsha maboksi. Hakuna aliyetaja kiti. Walipomaliza kuunganisha nyaya, Arvid aliinyanyua sabufa kwa kuguna, akalipita kochi lake, akaiweka kwenye kiti cha Verna. Alidai ndicho kilicho katikati ya chumba. Solveig alikunja uso, akapanda juu kutengeneza kahawa.

Mzee alifungulia noti moja nene ya besi isiyobadilika, akapiga magoti. Besi ina vituko vyake: hapa inakutikisa mbavu, ukisogea kidogo huisikii kabisa. Alitambaa ukuta hadi ukuta akijiona mjinga, mpaka kona ya nyuma, karibu na mashine ya kufulia. Hapo mwili ukamsisimka. Noti ilikuwa imeacha kuwa noti. Ilipanda, ikashuka, ikatulia kuvuta pumzi, kisha ikaendelea taratibu, bila maneno.

Aligeuka. Kitini palikuwa na sabufa tu. Aliogopa, na hakutaka sauti ile iishe.

Alimwita Solveig, akamweleza kuwa amesikia mvumo wa mama yake. Binti alisema ni mabomba ya maji, au tanuri la kupashia nyumba joto, au huzuni, na alisema kwa upole ule wa kumsemesha mgonjwa. Upole huo ndio uliomchoma baba yake.

"Basi tambaa mwenyewe," Arvid akamwambia. "Ukifika pale ukaniambia ni mabomba, kiti nakitoa mimi kwa mikono yangu, na nyumba uiuze."

Solveig alishusha pumzi, akapiga magoti penye ngazi, akaanza kutambaa huku akijicheka. Arvid alisimama kando ya ampu, mashine ya kukuzia sauti, na rimoti yake. Binti alipofika kona ile kicheko kilikatika. Aliweka kiganja ukutani, akainamisha kichwa.

"Zima, baba," akasema kwa sauti ndogo.

"Nilizima ulipopiga magoti, mwanangu. Nilitaka uyasikie vizuri hayo mabomba yako."

Machozi yalikuwa yakimdondoka Solveig sakafuni. Arvid, ambaye pale alipokuwa hakusikia chochote, alikwenda kitini, akaishika sabufa kwa mikono miwili ili aihamishie kona ile, kama Denise alivyomwelekeza.

"Usiiguse," Solveig akasema. "Mwache mama akae."

Arvid aliiachia. Akapiga magoti tena, akatambaa haraka kumfuata binti yake, akiomba asichelewe kuusikia mvumo ule.