Mwenye Mwili Hajaulizwa

Daktari alikiweka kile kifaa mezani mbele ya mwana, si mbele ya mgonjwa. Kilikuwa na mirija myembamba, pete laini na kipampu kidogo kama zabibu. Melis akakigeuzageuza kama mtu anayenunua saa. Baba yake, Sabirkul, ambaye ndiye angefungwa pete hiyo kwenye njia ya mkojo na kutiwa pampu katika mfuko wa korodani, alikaa pembeni na kofia magotini, akinuka mkojo na akijua kuwa ananuka.

Tangu akatwe tezi dume yenye saratani, mwaka wa pili huu, mkojo ulikuwa umekataa amri. Akikohoa, unatoka, akiinama kuvaa viatu, unatoka. Karamuni aliacha kwenda, maana hemani mtu huketi juu ya zulia la mwenyeji. Kila alipolalamika aliambiwa ashukuru yu hai. Alishukuru, mpaka shukrani ikawa kitambaa cha kumzibia mdomo.

"Hiki ndicho bora," daktari alimwambia Melis. "Mzee akiminya pampu, pete inalegea, anakojoa. Ikijifunga tena, mkavu."

"Basi mwekee hicho. Lini?"

"Jumanne."

Burulcha, mke wa Sabirkul, aliyesimama dirishani, akageuka. "Daktari, umemuuliza kutwa anakalia nini?"

"Anakalia nini?"

"Farasi. Anachunga farasi kule milimani Naryn tangu hajaota ndevu."

Daktari akavua miwani. Pete hukaa pale pale tandiko linapobana, akaeleza. Ingeweza kuharibika, au kumla nyama. Akiwekewa hiyo, kupanda farasi asahau.

"Na hilo ulitaka kuniambia lini?" Sabirkul akauliza. Sauti ilikuwa ndogo. "Jumatano?"

"Baba, daktari anakutakia mema."

"Nawe nyamaza. Mwaka wa pili mnanigawana kama kondoo wa karamu, huyu paja, huyu kichwa. Kitanda nalala mimi, kunguni mnanihesabia ninyi." Akamkazia daktari macho. "Njia nyingine hakuna?"

Ilikuwapo. Utepe wa kuinua na kuegemeza njia ya mkojo. Kwa kuwa hakuwahi kupigwa mionzi, na uvujaji wake si wa kupindukia, ungeweza kumfaa. Baada ya miezi ya kupumzika angejaribu tandiko taratibu.

"Ila ukavu kamili siuahidi," daktari akasema, safari hii akimtazama yeye.

"Chagua ukavu, Baba," Melis akasihi. "Urudi kwa watu."

Sabirkul akajiona mkavu kando ya jiko, suruali safi, akisikiliza kwato za farasi wanaoswagwa na wengine. Akajiona karamuni pia, amekaa bila hofu, akicheka. Vyote viwili alivitamani, na hasira ikampanda upya kwamba tamaa hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza. Daktari akatazama saa.

"Subirini," Sabirkul akasema.

Wakasubiri. Hakuharakisha.

"Utepe."

Kiangazi kilichofuata, malishoni, alipanda farasi wake mwekundu, akakohoa kwa baridi ya asubuhi. Burulcha, aliyekuwa akikamua farasi jike, akainua macho.

"Umelowa."

"Najua."

Melis, aliyekuja likizo, alikuwa na neno. Akalimeza, akaenda kumfungulia baba yake zizi.