Mhojiwa wa Saba

Karani wa ofisi ya vibali alilowesha kidole kwa mate, akafunua tasnifu ukurasa kwa ukurasa kama anayechambua mchele. Balozi alisimama mbele ya meza, mikono nyuma. Jina hilo alipewa nyumbani siku alipoanza shahada ya pili ya uhusiano wa kimataifa. Ukoo mzima unasubiri ubalozi, na yeye hata pasipoti hana.

"Kiambatisho cha pili kiko wapi?" karani aliuliza. "Kwenye rasimu uliyotuletea mwezi uliopita kilikuwepo. Orodha ya wahojiwa."

"Nimekitoa."

"Kwa nini?"

Amjibu nini? Kwamba wiki iliyopita watu wa forodha walimvizia shangazi yake alfajiri nyuma ya tanuri za matofali, kwenye kichochoro kilekile kilichoandikwa ukurasa wa tisini na nne? Tasnifu haikumtaja kwa jina. Ilisema tu: Mhojiwa wa Saba, mwanamke, miaka hamsini na mitatu, mjane, anachechemea mguu wa kushoto, huvusha sabuni Jumanne na Ijumaa. Profesa ndiye aliyesema kazi imepwaya, iongezwe nyama. Balozi akaongeza nyama, na nyama yenyewe ikawa shangazi aliyemlea.

Wala shangazi si mhalifu. Mkataba wa nchi hizi mbili, ambao Balozi anaujua ibara kwa ibara, unamruhusu mchuuzi mdogo kupitisha mzigo bila ushuru kwa fomu moja tu. Fomu hiyo haijawahi kufika mpakani, mwaka wa saba huu.

"Niliwaahidi kuwatunzia siri," alisema.

"Siri na serikali?" Karani alicheka kidogo, bila ubaya. "Dada, mimi nafuata utaratibu tu. Bila kiambatisho, muhuri hakuna. Bila muhuri, chuo hakikupi cheti. Kakilete, nipo mpaka saa tisa."

"Sikileti," alisema Balozi, akajishangaa mwenyewe. Alichukua tasnifu yake akatoka.

Nyumbani alimkuta shangazi uani, ameinamia beseni. Tangu mzigo wake uchukuliwe, anafulia watu nguo.

"Wamegonga muhuri?"

"Hawajagonga. Wanataka karatasi moja, nimekataa."

"Karatasi moja?" Shangazi aliacha kufikicha. "Miaka miwili unakesha na vitabu, ukwame kwa karatasi? Wape, yaishe. Mkono usioweza kuukata, ubusu."

Balozi alichutama kando ya beseni. Njia nzima alikuwa amepanga maneno ya kuzungukazunguka, ya kidiplomasia hasa. Yote yalimpotea, akabaki na aibu.

"Shangazi, ni mimi. Ile njia niliiandika mimi. Na siku unazovuka, na saa. Nikawapelekea ofisi ya vibali kwa mkono wangu."

Shangazi aliutazama mguu wake wa kushoto.

"Na mguu?"

"Na mguu."

Shangazi alikamua shati, akalikung'uta, akalianika na kulibana vibanio viwili. Wiki nzima alikuwa ameapa kwamba aliyemchongea ni jirani wa nyumba ya pili, mpaka salamu akamnyima. Balozi alisikia kila kiapo, akanyamaza, akala chakula chake.

"Humo ndani uliniitaje?"

"Mhojiwa wa Saba."

"Wa saba." Shangazi aligeuka, mikono ikichuruzika maji. "Na wale sita, wanajua?"

Balozi alitikisa kichwa. Alikuwa amemlilia shangazi yake siku zote hizo, wale sita hakuwawaza hata mara moja. Rasimu iko kabatini kwa karani, na kiambatisho kimo. Leo ni Alhamisi. Wawili kati yao huvuka Ijumaa alfajiri, ameandika mwenyewe. Machozi yakamtoka.

"Namba zao unazo?"

"Ninazo."

"Kulia utalia baadaye," alisema shangazi. "Piga."