Asante Ipi?

Mimi ni fundi wa nguo, na hasira zangu ziko karibu. Mtaani wananiita Cheche, tena mbele yangu, na nimeshachoka kugombana nao. Lakini siku Shangazi aliponifunga mkononi kile kipimo chake cha presha, hata nguvu za kukasirika sikuwa nazo.

"Unaendeleaje?" akaniuliza.

"Nashukuru."

Shangazi ni muuguzi, hadanganyiki. Akatazama kipimo, akanitazama mimi. "Unashukuru nini?"

"Si ndivyo watu wanavyojibu?"

"Mshipa wa shingo umekusimama, usingizi huna, halafu unaniambia unashukuru! Nimekuuliza, unashukuru nini?"

Nikamwaga yote. Mwenye nyumba alikuwa anamleta mama yake mgonjwa akae naye, na chumba alichokitaka ni kile kile nilichokodi kwake cha kushonea. Mwisho wa mwezi niwe nimetoka. Ningemlaumu vipi? Mama ni mama. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi, kukosa hata mtu wa kumgombeza. Nilizunguka mtaa mzima, na kila chumba nilichoonyeshwa kilikuwa giza tupu. Uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi haushonwi kwa kupapasa. Nisipopata dirisha linalotazama barabara, ningerudi kushonea chumbani kwangu, huko uani ndani kabisa, ambako hakuna mteja atakayejisumbua kufika. Na cherehani ile ndiyo inayotulisha mimi na wanangu.

"Dawa nitakupa, na utameza," Shangazi akasema. "Lakini na hii pia. Kila asubuhi, kabla hujakanyaga cherehani, tafuta kitu unachokishukuru. Ukiambie chenyewe, kwa sauti. Sitaki hiyo 'nashukuru' yako ya salamu."

"Niongee na vitu? Watu watasema nimerukwa na akili!"

"Wameshasema siku nyingi, mwanangu."

Kesho yake nikakaa mbele ya cherehani, najiona mjinga. "Asante, mkasi," nikasema, shingo upande. "Angalau wewe hunijibu." Upande wa pili wa ukuta nikasikia mtu anacheka. Ni jirani yangu mwoka mikate, tunayemwita Bwana Unga kwa sababu hakuna aliyewahi kujua rangi halisi ya nyusi zake. Nikapiga ukuta kwa ngumi, akanyamaza.

Siku nyingine nikaishukuru sindano iliyovunjika mbali na kidole changu. Siku nyingine kanyagio, kwa kuacha kulia. Mwanzoni nilifanya ili Shangazi asinisumbue tu. Lakini jamani, ukishajua kesho lazima utaje kitu, macho yanaanza kukitafuta yenyewe tangu uko njiani. Shingo ikalegea. Chumba nilikuwa bado sina, ila nilianza kulala.

Shangazi alifurahi, halafu akaongeza dozi. "Vitu vimetosha. Sasa watu, tena uwatazame usoni."

Hapo akawa amenionea. Mkasi haukutazami.

Basi siku hizo hizo Bwana Unga akaja mlangoni kwangu, anafuta mikono kwenye aproni. "Jirani, nasikia unahama. Pale kwangu mbele, chini ya dirisha, pana nafasi. Tanuri liko nyuma, joto halifiki. Karibu uweke cherehani yako."

Dirisha lile nalijua, jua linaingia asubuhi hadi jioni. Nikasimama, nikashika mkono wake kwa mikono yangu yote miwili, nikamtazama usoni kama nilivyoagizwa. "Asante," nikasema. "Asante sana, jirani yangu. Nashukuru mno." Machozi yalikuwa yananilenga, nikaogopa kuongeza neno.

Akanitazama kidogo. "Haya, haina neno," akasema, akaenda zake.

Siku zilizofuata akawa ananikwepa kwepa. Nikadhani ni wale watu wasiopenda kushukuriwa, nikamwacha.

Siku ya kuhama ikafika, nikaita mkokoteni, maana cherehani ni nzito hata kwa mlango wa pili, nikapakia cherehani na vitambaa vyangu hadi mlangoni kwake. Akatoa macho.

"Unaipeleka wapi cherehani?"

"Kwako!"

"Kwangu? Si ulikataa?"

"Nilikataa lini?"

"Nilikukaribisha, ukasema asante. Tena asante sana, nashukuru mno! Nikajua huyu hataki hata kusikia. Mtu ukimkaribisha chai akasema asante, unammiminia?"

"Nilikuwa nakushukuru!" nikapiga ukelele, mpaka wateja wa mikate wakageuka. "Nakushukuru kweli kweli! Ni agizo la hospitali!"

"Sasa mimi ningejuaje? Ile nafasi nimeshamkaribisha fundi saa."

Nikaegemea mkokoteni, nikaona chumba changu cha uani na giza lake lote. Mwenye mkokoteni akauliza kama ashushe au asishushe. Halafu wazo likanijia.

"Na yeye alisemaje?"

Bwana Unga akafikiri. Nyusi nyeupe zikapanda. "Alisema asante."

"Asante ipi?"

"Sijui!"

Tukatoka mbio, yeye na aproni yake, mimi na futi ya kupimia shingoni, na wateja nyuma yetu, hawataki kupitwa. Fundi saa alikuwa kwenye kibanda chake pale kona, ameinamia saa, lenzi jichoni.

"Ile asante yako," Bwana Unga akasema huku anahema, "ilikuwa ya kuja au ya kutokuja?"

Fundi saa akainua kichwa taratibu. "Saa na unga? Unataka niue kazi yangu? Nilikataa, bwana. Kwa adabu."

Nikamkumbatia, lenzi ikamdondoka. "Asante!"

"Ya nini? Si nimekataa?"

"Ya hiyo hiyo!"

Bwana Unga akanigeukia. "Haya, jirani, narudia mbele ya mashahidi. Karibu."

Nikafungua mdomo, nikaona watu wote wananitazama, nikaufunga. "Nakuja," nikasema. "Nakuja sasa hivi!"

Sasa nashona chini ya dirisha lile, nguo zangu zinanukia mkate na wateja hawalalamiki. Bwana Unga akiniletea chai nikasema asante, anasimama na kikombe hewani. "Asante ipi?" Ananichosha, na nampenda kwa hilo.

Juzi Shangazi alikuja na kipimo chake, akanifunga mkono hapo hapo dirishani.

"Unaendeleaje?"

"Nashukuru."

"Unashukuru nini?"

Nikaanza na dirisha. Nikaja kwa Bwana Unga, nikaja kwa fundi saa na adabu zake, nikaja kwa mama wa mwenye nyumba, ambaye sasa anaota jua kwenye dirisha langu la zamani na kunipungia mkono kila nikipita. Nikaja kwa Shangazi mwenyewe, sauti ikaanza kunitetemeka.

"Nyamaza kidogo nipime," Shangazi akasema, "ukiongea kipimo hakisomi vizuri."

"Subiri," nikamwambia. "Sijamaliza."