Siku Nne za Kutafuta Hasira

Munyao, fundi wa reli wa Voi, aliapa kwamba hakuna mtu aliyewahi kukaa Mombasa siku nne bila kukasirika. "Makuli wa kule," alisema, "walimtukana nyangumi mpaka akapanda nchi kavu kuomba radhi." Ndiyo maana Ijumaa Kuu ya mwaka hamsini na saba alimsukuma rafiki yake Thadeus ndani ya behewa la daraja la tatu, wakateremka pwani kutafuta hasira.

Hasira zilihitajika. Mkamburi, binti wa Thadeus, mtoto wa miaka sita, alikuwa amelala mgonjwa kwa bibi yake kule Mbololo wiki ya tatu sasa, kila alacho kinarudi. Sindano hazikusaidia. Mzee wa ukoo alipotazama, akasema baba ana hasira aliyoificha moyoni, nayo ndiyo inayomla mtoto. Dawa yake kwa Wadawida, watu wa milima ya Taita, ni kutasa: unatia pombe ya miwa kinywani, unaipuliza nje, unayataja yanayokukaa rohoni mpaka yaishe. Thadeus alitasa mara mbili. Alipuliza kama mtu anayenyunyizia mchicha, akataja mvua, akataja mbuzi, akaketi. Mama yake, Wakesho, akampokonya kibuyu.

"Mwanangu, midomo tu ndiyo iliyolowa. Nenda kautafute moyo wako, uje nao."

Lakini moyo wenyewe Thadeus hakujua uliko. Mkewe Jerusha alikuwa amezikwa miaka miwili nyuma, yeye akiwa kambi ya reli ya Mtito Andei; ujumbe ulimfikia kwa kuchelewa siku nzima. Tangu hapo alikuwa kama mguu uliokufa ganzi. Upo, unauona, lakini ukiufinya ni wa mtu mwingine. Neno lake likabaki moja: "Si kitu."

Mombasa ikamkuta hivyo hivyo. Barabara ya Kilindini Munyao alisimama chini ya yale meno makubwa ya ndovu yaliyopindwa juu ya njia.

"Mwenyewe namjua, ni ndovu wa Ndara, kwetu. Serikali ilimwomba kwa barua, naye akajibu kwa mwandiko mzuri kushinda wa karani."

Wanawake wawili wa buibui wakacheka hadi wakashikana. Thadeus aliangalia juu. Aliona meno.

Jumamosi, karibu na kivuko cha Likoni, kuli mwenye gunia alimkanyaga kidole chenye kidonda, kisha akamwita mbuzi wa bara. Thadeus akampisha. Jumapili alinunua shati Mwembe Tayari; alipofungua karatasi akakuta lina mkono mmoja.

"Kasirika basi, bwana!" Munyao akamsihi, kofia mkononi. "Nusu shati hiyo!"

"Si kitu. Huu mkono mwingine nitautia mfukoni."

Jumatatu walifika stesheni mapema. Treni ilikuwa ya saa kumi. Walinunua madafu nje ya lango, na hapo Munyao akaona watu watano wamesimama bila kazi, jambo ambalo hakuwahi kuliacha lipite.

"Simba huyo," akaanza, "alipanda treni Tsavo amevaa kofia ya gadi..."

"Twende, Munyao. Mtoto ananingoja."

"Ngoja kidogo, bado hajaulizwa tikiti."

Watu wakawa kumi. Filimbi ikalia. Walipokimbia hadi ndani waliona mgongo wa behewa la mwisho ukipinda na moshi wake. Munyao akapangusa jasho, akacheka.

"Si kitu, ndugu yangu. Kesho kuna nyingine."

Thadeus aliyasikia maneno yale kama ameyasema mtu aliyesimama ndani ya kifua chake. Akatia maji ya dafu kinywani. Akapuliza. Yakamwangukia Munyao kofia na masharubu.

"Ulitumwa Mtito uniite!" Sauti yake ilipasuka, wachukuzi wakatua mizigo. "Jerusha anakata roho akinitaja, wewe uko dukani kwa Kituku unasimulia fisi, treni inakupita! Kituku mwenyewe aliniambia. Ukaja kesho yake ukasema treni iliwahi kuondoka!" Akapuliza tena. "Nimekula nawe miaka miwili nikiwa nimelimeza hilo. Litoke. Lisimguse mwanangu. Mkamburi apone."

Munyao alivua kofia. Akaikung'uta maji.

Walilala kwenye benchi la stesheni, kila mtu upande wake. Thadeus hakupata usingizi. Kifua kilimchoma kama mguu unaporudiwa na damu.

Mbololo walifika Jumatano. Wakesho alimtazama mwanawe usoni, akampisha mlangoni bila kuuliza. Mkamburi alifungua macho, akalikodolea lile shati.

"Baba, mkono mwingine uko wapi?"

Munyao, aliyesimama nje, alifungua mdomo. Akaufunga.

"Mwambie," Thadeus alisema, bila kugeuka.

"Niseme?"

"Sema. Lakini fupisha."

Munyao akaingia, akachuchumaa kando ya kitanda, akasema kwamba ndovu wa Ndara aliuomba mkono huo afutie kamasi. Mtoto alicheka kidogo, akakohoa, akaomba uji. Alikula vijiko vitatu. Wakakaa wote, wakingoja.

Uji haukurudi.